Tangazo Lilitaka Miaka Miwili: Kisa cha Binti Fundi Umeme na Viwanda vya Chai vya Mufindi

Tangazo lilipita kwenye makundi ya WhatsApp ya wahitimu wa ufundi wa Mbeya na Iringa. Kiwanda cha chai wilayani Mufindi kilitafuta fundi sanifu umeme mmoja. Sifa zilizotakiwa ni stashahada ya uhandisi umeme, yaani NTA ngazi ya 6, utayari wa kufanya kazi kwa zamu, na ule mstari ambao kila mhitimu huutafuta kwa macho kabla ya mingine yote: uzoefu wa kazi kiwandani usiopungua miaka miwili.

Binti ninayemzungumzia ni wa Uyole, Mbeya. Alikuwa amemaliza stashahada mwaka mmoja kabla, kwa daraja la pili la juu. Alituma maombi, hakujibiwa. Alikuwa ameshatuma mengine mengi kabla ya hayo, yote bila jibu. Mama yake ni jirani yetu, na binti tangu mdogo ananiita mjomba. Mimi nimestaafu sasa, lakini sehemu kubwa ya maisha yangu nimekuwa fundi wa umeme kwenye viwanda vya chai, Rungwe kwanza na Mufindi baadaye, na nimekaa mara nyingi kwenye kamati za usaili wa mafundi. Ndiyo maana alinijia na bahasha yake.

"Shikamoo mjomba. Mama amesema nikuletee hizi barua uone zina kasoro gani."

"Marahaba. Kaa. Kabla sijasoma barua, hebu niambie, hilo tangazo linamtafuta mtu wa kufanya nini?"

Akanisomea sifa. Nikamwambia hizo ni sifa, mimi nauliza kazi. Hakuwa na jibu, na sikumlaumu, kwa sababu tangazo lenyewe halikusema. Ninaandika haya kwa ruhusa yake, na majina ya watu na viwanda nimeyaacha yote.

Swali lililojificha ndani ya miaka miwili

Kiwanda kikiandika miaka miwili, hakuna mtu atakayekaa kuhesabu miezi 24. Kuna swali wanataka kulijibu, na wameshindwa kuliandika.

Chai ni kazi ya usiku. Majani yaliyochumwa mchana hufika kiwandani alasiri na jioni, hutandazwa kwenye vitanda virefu vya kunyaushia, na feni kubwa hupuliza hewa chini yake kwa saa 12 hadi 18 ili yapoteze maji kabla ya kuingia kwenye mashine za kukata. Feni ikisimama saa saba za usiku na isiwashwe tena, jani lililolala pale linapata joto na kuanza kuwa jekundu, na hakuna atakachofanya mtu asubuhi kuurudisha ubora wake. Msimu wa mvua, kati ya Desemba na Mei, jani linaingia kwa wingi na vitanda vyote vinakuwa vimejaa. Zamu ya usiku kwa kawaida ina fundi umeme mmoja. Mkuu wa matengenezo amelala nyumbani kwake, na mtandao wa simu kwenye mashamba ya chai si wa kuutegemea.

Basi anayepanga zamu anajiuliza: huyu nikimwacha peke yake, umeme ukakatika na jenereta ikagoma kushika mzigo, atafanya nini? Na zaidi ya hapo, ni mambo gani atajua asiyafanye? Hili la pili ndilo linalonyima watu usingizi. Fundi asiyejua kitu atasimama na kupiga simu, na hasara itakuwa ya jani la usiku mmoja. Fundi anayejua nusu ataifunga ovalodi, kifaa kinachokata umeme mota ikizidiwa, kwa waya ili isikate, au ataweka kipande cha shaba mahali pa fyuzi, na asubuhi mtakuta mota imeungua, au mtu.

Miaka miwili ni njia ya mkato ya kuuliza hayo, na kwa maoni yangu ni njia mbovu. Nimewahi kumsaili mtu aliyekuwa na miaka sita ya ajira iliyothibitishwa kwa barua na mhuri, na kumbe yote sita alikuwa akibadilisha taa na soketi kwenye jengo la ofisi. Paneli ya mota alikuwa hajaifungua. Kwa tangazo letu alistahili. Kwa kiwanda chetu hakufaa.

Waajiri pia wana nafasi ya kujaribu kuliko wanavyokiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimpi mfanyakazi wa chini ya miezi 6 haki ya kulalamika kwamba ameachishwa isivyo halali. Kiwanda kinachoogopa kumchukua mhitimu kwa kuwa "tutakwama naye" kinaogopa kitu ambacho sheria imeshakipunguza.

Barua ya kwanza

Barua yake ilikuwa safi, haina kosa la tahajia, na ilimwelezea mtu yeyote. Mchapakazi, mwepesi wa kujifunza, anayeshirikiana na wenzake, anayeweza kufanya kazi bila usimamizi wa karibu. Katika barua nzima neno mota halikuwamo. Halikuwamo neno paneli, wala kipimo kimoja. Mtu angeweza kubadilisha kichwa cha habari akaombea kazi ya karani wa benki. Wasifu ulianzia shule ya msingi, na mwishoni kulikuwa na wadhamini watatu: mchungaji, mwenyekiti wa mtaa na mwalimu wa sekondari. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumwona ameshika bisibisi.

Nikamuuliza kuhusu fildi, yaani mafunzo ya vitendo nje ya chuo. Hapa sauti yake ilishuka. Chuo kilimpeleka kwenye taasisi moja mjini. Kwa wiki nane alikaa ofisini akiingiza orodha za vifaa kwenye kompyuta. Aliambiwa siku ya kwanza kwamba wanafunzi hawaruhusiwi kugusa paneli, likitokea la kutokea nani atajibu? Daftari la fildi lilijazwa kwa kunakili la mwenzake wa mwaka uliotangulia, likasainiwa, likapata alama nzuri.

Hili linanikera sana, na sioni sababu ya kulisema kwa upole. Chuo kinajua kwamba nusu ya madaftari yale yamenakiliwa. Kiwanda kinajua kwamba kilimpa mwanafunzi ufagio au kompyuta. Msimamizi anasaini ukurasa ambao hajausoma. Kisha mwaka unaofuata kiwanda kilekile kinatangaza kazi na kudai uzoefu wa miaka miwili, na hakuna anayeuliza ungepatikana wapi. Hofu ya ajali ni ya kweli, umeme wa volti 400 hauna msamaha. Lakini mwanafunzi anaweza kufundishwa kwenye paneli iliyozimwa na kufungwa kwa kufuli. Anaweza kupima mota iliyoshushwa mezani. Kuna mengi ya kumfundisha kabla hajakaribia waya wenye moto.

Baada ya hapo tukazungumza habari za nyumbani tu, na ndipo likatoka jambo kubwa. Baba yake mdogo ana mashine ya kukoboa mpunga Igurusi, kule Mbarali. Likizo zote za chuo alikuwa huko. Mota yake ni ya kilowati 18.5. Wakati wa mavuno mashine zote za ukanda ule zinawaka kwa pamoja, volti inashuka, na mota ikilazimishwa mzigo uleule kwa volti ndogo inavuta ampea nyingi zaidi, ovalodi inakata. Vijana wa pale dawa yao ilikuwa kuizungusha ovalodi iende juu mpaka iache kukata. Yeye alichukua maltimita ya chuo, akapima kati ya fezi na fezi, akakuta volti 340 mahali pa 400. Akamwambia baba mdogo apunguze mpunga unaoingia, ovalodi irudishwe kwenye ampea zilizoandikwa kwenye kibati cha mota, na mzigo mkubwa usubiri jioni wenzao wakizima. Baba mdogo alimsikiliza. Jirani yao wa mashine ya pili aliendelea kuzungusha, na kabla mavuno hayajaisha mota yake ikaungua.

"Mbona hukuliandika hili?"

"Mjomba, ile si kazi. Ile ni ya nyumbani tu."

Hapo ndipo kisa kizima kilipo. Alikuwa na jibu la swali la zamu ya usiku, tena jibu zuri kuliko la wengi wenye ajira, akaliacha Igurusi kwa sababu hakulipwa mshahara wala hakupewa barua. Alikuwa ametenda kitu, na alijua kwa nini asitende kile walichokuwa wakitenda wengine.

Barua ya kununua

Kabla hajaja kwangu, rafiki yake wa chuo alikuwa amempa ushauri mwingine. Kuna mtu mwenye kampuni ndogo ya ufungaji umeme, ana mhuri, kwa shilingi elfu thelathini anakuandikia kwamba umefanya kazi kwake miaka miwili. Wenzao kadhaa walishafanya.

Nilimkatalia, na sababu ya kwanza niliyompa haikuwa ya kisheria, ingawa kughushi hati ni kosa la jinai. Barua ile inaweza kweli kukupatia kazi. Watakuamini, watakupanga usiku, na utakuwa peke yako mbele ya paneli ambayo umedanganya kwamba unaijua. Umeme hautasoma ile barua.

Tena kwenye usaili haidumu. Anayejua kazi haulizi "ulifanya nini huko". Anauliza beringi za ile mota mlikuwa mnanunua namba ngapi. Aliyefungua mota anakutajia 6308 au 6205 bila kufikiri, ama anakwambia hakumbuki namba lakini anakumbuka walivyoitoa kwa pula. Asiyefungua anaanza kueleza umuhimu wa beringi. Nimeliona hili mara nyingi, na vijana wale walikuwa na uwezo wa kweli, wakauzika chini ya uongo mmoja.

Karakana ya Mwanjelwa

Ya Igurusi yalikuwa mazuri lakini yalikuwa ya mota moja. Pengo lililobaki lilikuwa wazi: alihitaji kuziona mota nyingi, zilizoharibika kwa namna nyingi. Mbeya mahali pa kuziona ni kwenye karakana za kusuka mota, yaani kufunga upya koili zilizoungua, kule Mwanjelwa upande wa Sido, ambako zinakuja mota za mashine za mpunga kutoka Mbarali na Kyela, za kusaga unga kutoka kila mahali, na za kukoboa kahawa kutoka Mbozi. Nilimpeleka kwa fundi ninayemfahamu. Hakuna mshahara, tukakubaliana chakula cha mchana, na nauli ya daladala akishaanza kuwa na faida.

Mwanzoni alifagia, akaosha vifaa, akatumwa chai. Wateja wakifika wanampita, wanauliza fundi yuko wapi. Alitaka kuacha. Nilimwambia avumilie, ila asikubali mota yoyote iingie bila yeye kusoma kibati chake na kukiandika: kilowati, volti, ampea, mizunguko, imefungwa staa au delta (namna mbili za kuunganisha koili), imetoka kwenye mashine gani, na mteja amesema ilifanya nini kabla ya kufa. Mota ikifunguliwa, aandike kilichokutwa ndani. Daftari la kawaida la mistari, la shilingi elfu moja.

Baada ya muda mteja alirudi na mota iliyoungua mara ya pili, akilalamika kwamba karakana ilisuka vibaya. Fundi hakukumbuka. Binti akafungua daftari: mara ya kwanza koili za fezi mbili ziliungua, ya tatu ilikuwa nzima, na safari hii ni vilevile. Mota iliyofungwa staa ikipoteza fezi moja, zile mbili zinazobaki zinabeba mzigo wote na kuungua, ya tatu inabaki na rangi yake. Ingekuwa delta, kwa kawaida koili ya fezi moja tu ndiyo ingeungua. Ingekuwa mzigo umezidi, zote tatu zingekuwa nyeusi sawasawa. Kwa hiyo kosa halikuwa la ususi. Kule kwa mteja kulikuwa na fezi inayopotea, pengine kontakta, ile swichi inayoivutia mota umeme, yenye ncha moja iliyoliwa. Walikwenda kuangalia, wakaikuta kontakta hiyo. Kuanzia siku ile mteja akiuliza fundi yuko wapi, mwenye karakana anamwonyesha binti.

Alijifunza kutumia mega, kipimo cha insuleshoni, na sheria ya pale kwamba mota ya volti 400 ikisoma chini ya megaomu 1 hairudi kwa mteja hata akilia. Alijifunza kutoa beringi bila kuumiza shafti. Naye fundi hakutoka mikono mitupu. Alikuwa mtu wa mtaani asiye na cheti chochote, na binti ndiye aliyemweleza kwamba VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, akamsaidia kujaza fomu.

Niseme hapa jambo ambalo washauri wengi wa ajira wanalikwepa. Miezi minane bila mshahara si ushauri wa kumpa kila mtu. Mama yake binti anauza viazi Uyole. Iliwezekana kwa sababu alilala kwao, alikula kwao, na nauli ilikuwa ya kwenda Mwanjelwa tu. Mtoto wa Makete au Ileje asiye na ndugu mjini angefanyaje? Ndiyo maana programu za serikali za uanagenzi na za mafunzo ya uzoefu kazini, zenye kumpa kijana angalau posho, zinafaa kuulizwa kwanza kabla ya mtu kujitolea bure, na ndiyo maana kiwanda kinachochukua mwanagenzi mmoja tu kwa mwaka kinafanya jambo kubwa kuliko hotuba kumi.

Kuomba bila kutimiza sharti

Likatoka tangazo lingine, kiwanda kingine cha chai, Mufindi hukohuko, na miaka miwili ileile. Aombe au asiombe?

Mimi hutenganisha masharti mawili. Lipo sharti la sheria, na hilo halijadiliwi. Huwezi kufunga umeme kwenye nyumba ya mtu kama mkandarasi bila leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ya daraja linalohusika, wala mhitimu wa shahada hawezi kujiita mhandisi mtaalamu kabla ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi kumsajili hivyo, na bodi hiyo ina mpango wake wa mafunzo kazini wa miaka mitatu kwa ajili hiyo. Kwenye utumishi wa umma nako usijisumbue kubishana na sifa: mfumo wa maombi unachuja. Lakini huko nafasi za kuanzia kama Fundi Sanifu Daraja la II mara nyingi hazidai miaka ya kazi kabisa, na usaili wake una mchujo wa kuandika, vitendo na mahojiano, kwa hiyo mhitimu anayeziacha akidhani ni za wenye uzoefu anajinyima mwenyewe.

Sharti la pili ni takwa la mwajiri binafsi. Hilo unaweza kuliomba likupishe, mradi usijifanye hukuliona. Aliandika hivi, na mimi nilipunguza maneno machache tu:

"Naomba nafasi ya fundi sanifu umeme. Sina miaka miwili ya ajira kiwandani mliyoitaja. Nilicho nacho ni hiki: kwa misimu mitatu ya mavuno nimehudumia mota ya kilowati 18.5 ya mashine ya mpunga Igurusi, nikipima volti na ampea, kubadilisha kontakta na kurekebisha ovalodi kulingana na kibati. Kwa miezi minane nimefanya kazi karakana ya kusuka mota Mwanjelwa, ambako nimefungua, nimepima insuleshoni, nimebadilisha beringi na kuunganisha upya mota za kilowati 1.5 hadi 30. Kumbukumbu za mota hizo nimeziandika kwenye daftari na nitakuja nalo. Sijafanya kazi kwenye boila wala kwenye vidhibiti vya PLC. Naweza kupimwa kwa vitendo siku yoyote mtakayopanga."

Ile sentensi ya boila na PLC, yaani kompyuta ndogo inayoendesha mashine, mama yake aliipinga, akaona binti anajichongea. Mimi niliitetea. Msomaji akishaona umetaja usichokijua, anaanza kuamini ulichosema unakijua. Wadhamini wakawa mwenye karakana na mwalimu wa karakana ya chuo. Mchungaji alielezwa, hakukasirika.

Siku ya usaili

Waliitwa wanne. Haya nimeyapata kwake na kwa mtu aliyekuwa kwenye kamati, aliyekubali kunieleza mambo yalipokwisha.

Mtihani ulikuwa ubao wenye kianzishi cha staa-delta. Mota kubwa huanza kwa staa, kila koili ikipata volti 230 hivi, ili isivute umeme mwingi kwa ghafla. Sekunde chache baadaye taima huiachia kontakta ya staa na kuivuta ya delta, koili zikapata 400 kamili. Kwenye ubao ule mota ilianza vizuri, staa ikaachia, delta haikuvuta, mota ikapunguza mwendo mpaka ikasimama.

Mshindani wake mkubwa alikuwa kijana mwenye miaka minne kwenye kiwanda cha mbao Mafinga. Alifungua, akapitisha testa haraka, akauona waya uliolegea kwenye kontakti saidizi ya kontakta ya staa, ile ambayo koili ya delta hupatia umeme wake. Akaukaza kwa bisibisi umeme ukiwapo. Dakika chache tu, kazi imekwisha.

Binti alianza kwa kuuliza: "Samahani wazee, huu ubao unazimwa wapi, na ufunguo anakaa nao nani?" Akazima, akaomba kufuli. Akaijaribu maltimita kwenye soketi yenye umeme kuona kama inafanya kazi, akapima ubao kuwa umekufa, akairudisha tena kwenye soketi kuhakikisha kwamba kipimo hakikuharibika katikati. Ndipo akaanza. Akapima koili ya delta, nzima. Akafuata njia yake kurudi nyuma mpaka kwenye kontakti saidizi, akaikuta haijaunganika, akakaza. Kabla ya kumaliza aliiwasha mota kidogo tu aone inazunguka upande gani, kwa sababu fezi mbili zikibadilishana nafasi mota itazunguka kinyume, na feni ya kunyaushia itapeleka hewa upande usiotakiwa huku kila mtu akiona inazunguka. Alichukua muda mrefu zaidi ya yule. Alipoulizwa kuhusu PLC alijibu kwamba hajaifanyia kazi.

Kamati iligawanyika. Wakamchukua wa Mafinga, kwa sababu ya miaka minne.

Ningekuwapo ningepinga, na nilimwambia hivyo yule wa kamati, ambaye ni rafiki yangu. Mtu anayekaza waya wenye umeme mbele ya watu wanaomsaili, akiwa amevaa nguo zake nzuri, saa tisa za usiku akiwa amechoka atafanya nini? Kasi inafundishika ndani ya mwezi. Tabia ya kuuliza ufunguo yuko nao nani, nimeshindwa kuwafundisha watu wazima kwa miaka. Rafiki yangu alijibu kwamba meneja alitaka mtu wa kuingia zamu wiki ileile. Hilo nalielewa, na bado sikubaliani nalo.

Yule kijana alikaa muda mfupi, akapata kazi kwenye machimbo ya dhahabu Chunya, akaondoka. Wakampigia binti.

Mkataba

Walimpa mkataba wa mwaka mmoja kama fundi msaidizi, mshahara chini ya ule wa tangazo, majaribio miezi mitatu. Sababu iliyotajwa ilikuwa ileile, hana uzoefu. Alinipigia kuuliza asaini au asisaini. Nilimshauri asaini, lakini kwanza aombe iandikwe kwamba majaribio yakiisha atapimwa kwa vitendo, na akifaulu atapandishwa kuwa fundi sanifu kwa mshahara wa nafasi hiyo. Alihofia wataona ana maneno mengi. Aliomba kwa heshima, kwa barua, na wakaiongeza aya hiyo. Kijana mwingine wa fani ya mitambo aliyeingia naye hakuomba, na mpaka ninapoandika bado ni msaidizi, ingawa zamu anashika peke yake.

Majaribio yalipokwisha alipimwa, akapandishwa. Zamu ya kwanza ya usiku aliyopangwa peke yake ilikuwa Februari, vitanda vimejaa.

Rafiki yangu wa kamati tumeendelea kubishana kuhusu matangazo yao. Ninachomwomba ni mstari mmoja ubadilike, usomeke hivi: uzoefu wa miaka miwili kiwandani, au uwezo utakaothibitishwa kwa jaribio la vitendo. Anasema maombi yatakuwa mengi mno, hawatakuwa na muda wa kuyasoma. Nimemwambia watake kila mwombaji aandike nusu ukurasa kuhusu kifaa kimoja alichokitengeneza kwa mikono yake, kilikuwa na ubaya gani na aliupataje. Wengi hawataandika, na watakaoandika atawajua kwa sentensi mbili. Kwa nafasi ya fundi mitambo watakayotangaza baada ya msimu huu, amekubali kujaribu.